Maji ya Kila Ijumaa

Kituoni walikuwa wameshaipa jina kabla jalada halijafunguliwa: kesi ya meno. "Inspekta, angalia usiumwe," alisema koplo wa zamu, na wenzake wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na chai. Inspekta hakucheka. Si kwamba hakuwa na utani. Mwanamke aliyekaa miaka ishirini na sita katika upelelezi bila utani angekuwa ameshaacha kazi au ameshachanganyikiwa. Hakucheka kwa sababu gego lake la kulia lilikuwa linamuuma tangu Jumapili, na kucheka huingiza upepo.

Njiani simu yake iliita, namba ngeni. Akapokea. Mama mmoja akauliza kama mashine yake ya kusaga imeshatengenezwa. Inspekta akamwambia amekosea namba, kisha akamuuliza mashine imeharibika nini, na wakaizungumzia mashine hiyo dakika nne nzima. Tangu mumewe afariki na binti yake aolewe mbali, Inspekta alipokea simu zote, hata za waliokosea. Nyumba ilikuwa kimya mno kwa mtu wa kuchagua simu.

Maabara ilikuwa ghorofa ya tatu ya chuo cha meno, mwisho wa korido. Daktari alimpokea mlangoni: mwanamke wa miaka arobaini na kitu, koti jeupe lenye doa la kahawia mfukoni, macho ya mtu aliyeonana na usingizi kwa mbali. Hakupoteza muda kwa salamu ndefu. Alimpeleka moja kwa moja kwenye kabati jeupe la ukubwa wa friji ndogo, akafungua mlango. Ndani mlitoka joto badala ya baridi. Rafu ilikuwa tupu, yenye alama kumi na mbili za duara mahali palipokaa vitu kwa muda mrefu.

"Vilikuwa hapa," alisema Daktari. "Vichupa kumi na viwili, kila kimoja na vijiti kumi. Vijiti vya meno."

"Vya kuchokolea?"

"La, afande. Vilivyokatwa kwenye meno yenyewe. Meno ya watu, yaliyong'olewa."

Inspekta alifunga kinywa, akafungua daftari. Daktari akaeleza, na alipoanza kueleza uso wake ulichangamka kidogo. Jino hukatwa likawa bapa, likapakwa gundi, juu yake ikawekwa dawa ya kuzibia. Kisha lote hukatwa vijiti vyembamba kama vya kiberiti, nusu jino, nusu kizibo, gundi katikati. Vijiti hukaa ndani ya maji mwaka mzima, kwenye joto la mdomo wa mtu. Mwaka ukiisha, mashine inavivuta, na unajua gundi imebaki na nguvu gani.

"Na mwaka unaisha lini?"

"Ijumaa hii. Jumatatu jopo la wakaguzi linakaa hapa hapa, tuvivute mbele yao. Leo asubuhi nimefungua kabati nihesabu, nimekuta rafu tupu. Mkurugenzi anasema nimevificha mwenyewe, kwamba nimeshajua havitashika. Jumatatu nikisimama mikono mitupu, maabara inafungwa na mimi naitwa mwongo. Miaka sita, afande."

"Na vingeshika?"

"Ndicho nilichokuwa nasubiri kukijua."

Inspekta aliweka kiganja shavuni bila kutambua. Daktari alitambua. "Kaa hapo. Fungua mdomo." Na hivyo mahojiano yaliendelea huku anayehojiwa ameshika taa na kioo, na anayehoji ametanua kinywa kama kinda la ndege. Katika kazi yake yote Inspekta hakuwahi kumhoji mtu katika hali hiyo.

"Hili limezibwa mara ngapi?"

"Hadu," alisema Inspekta, akimaanisha tatu.

"Kizibo ni kizima, hakina hata ufa. Gundi ndiyo imeachia. Ndani ya jino kuna nyuzi laini, na gundi huzishika hizo. Sasa jino lina vimeng'enya vyake, vitu vinavyozila nyuzi zile pole pole. Daktari wako hakukosea. Gundi ilianza kuachia mwezi ule ule lilipozibwa." Alizima taa. "Unajua fundi wa ngozi anavyotia magome ili ngozi isioze? Ukakasi ule wa kwenye magome, wa kwenye chai kali, wa kwenye mbegu za zabibu. Ukakasi huo huo unazikaza nyuzi za jino na kuvinyamazisha vimeng'enya. Mimi napaka maji ya mbegu za zabibu kwanza, gundi baadaye. Vichupa sita nimeviwekea utepe wa kijani, vijiti vyake vina mbegu za zabibu. Sita utepe mweupe, gundi tupu."

Simu ya Daktari ilitetemeka juu ya meza. Aliitazama, akaigeuza kifudifudi.

"Hupokei?"

"Wauza gundi. Wana laini nyingi kuliko meno. Namba nisiyoijua siipokei, nisingefanya kazi." Simu ilitetemeka tena, ikanyamaza.

Inspekta aliuliza aliyokuja kuuliza. Kitasa hakikuwa na mkwaruzo. Funguo zilikuwa mbili, ya Daktari na ya Msaidizi wake.

"Nani mwingine anaingia hapa?"

"Hakuna."

"Kabati linafunguliwa na nani?"

"Msaidizi, kila Ijumaa, kubadilisha maji. Siku nyingine haliguswi. Ukifungua tu, joto linashuka." Alionyesha kalamu ndogo ubavuni mwa kabati, ikichora mstari kwenye karatasi nyembamba ya kuviringishwa. "Ile inaandika joto mchana na usiku. Sijawahi hata kuisoma, maadamu inaonyesha thelathini na saba."

Kando ya kabati lilining'inia daftari la maji. Mistari hamsini na miwili, Ijumaa hamsini na mbili, na mbele ya kila Ijumaa maneno *maji yamebadilishwa* na sahihi. Inspekta aliupitia mstari wa mwisho kwa kidole, akaurudia.

"Daktari, leo siku gani?"

"Jumatano."

"Ijumaa ya keshokutwa imeshatiwa sahihi."

Daktari alilichukua daftari, akalisoma, akalirudisha taratibu. Inspekta aliomba daftari lile na karatasi yote ya kabati, akaziweka katika mfuko wa ushahidi. Kabla hajatoka Daktari aliliziba jino kwa dawa ya muda. "Ya muda tu," alionya. "Usilitegemee."

Jioni hiyo Inspekta aliisogeza meza ya sebuleni, akaikunjua karatasi ya kabati sakafuni. Ilitoka mlango wa jikoni, ikapita mbele ya viti, ikaingia chumbani na bado ikabaki. Nyumba yenye watu isingeweza kulaza karatasi ya namna ile, mtu angeikanyaga. Kwake hakukuwa na wa kuikanyaga. Alipiga magoti na miwani yake na kalamu ya risasi, akaanza mwanzo.

Mstari ulikuwa umenyooka. Lakini kila Ijumaa, saa nne kamili asubuhi, ulishuka kidogo, ukakaa chini dakika ishirini, ukapanda tena. Saa nne wiki ya kwanza, saa nne wiki ya pili. Alihesabu mashimo arobaini na sita bila hata moja kuchelewa. Mtu mmoja alikuwa ameingia, amefungua, amebadilisha na kufunga, wiki baada ya wiki, kwa namna ambayo saa za ukutani zingemwonea wivu.

Kisha mashimo yakakoma. Ijumaa ya arobaini na saba, mstari umenyooka. Ya arobaini na nane, umenyooka. Ya arobaini na tisa, saa nne kamili, shimo likarudi. Ya hamsini, saa nne kamili, shimo refu kuliko yote, kama mlango ulioachwa wazi. Baada ya hapo mstari ulikwenda bila kutikisika hata Ijumaa ya hamsini na moja, mpaka Jumatano hii asubuhi, Daktari alipofungua akakuta rafu.

Inspekta aliketi juu ya visigino vyake. Vichupa havikuibwa jana wala juzi. Vilikuwa vimeondoka siku kumi na mbili zilizopita, na hakuna aliyejua. Ijumaa iliyofuata mtu ametia sahihi kwamba amevibadilishia maji, navyo havikuwepo.

Alichukua daftari akalilaza karibu na karatasi. Mistari arobaini na sita ya kwanza ilikuwa na mwandiko wa kusimama, herufi za mtu aliyefundishwa kuandika kwa kuchapwa. Sita ya mwisho ilikuwa ya mwandiko wa haraka, wino mmoja, mkono mmoja. Alikula chakula chake amesimama, akitafunia kushoto, kwa sababu karatasi ilikuwa imepita mbele ya kiti chake na hakutaka kuikunja.

Alhamisi alianza na muuza gundi, maana mlinzi wa getini alikuwa amemwandika kwenye kitabu cha wageni Ijumaa ile ya hamsini, saa tatu na nusu. Alikuwa mtu wa suti na tabasamu la kufunga mdomo. Kampuni yake ilikuwa na kila sababu ya kuombea vijiti vya Daktari vipotee. Gundi inayodumu haiuzwi mara tatu kwa jino moja.

"Ijumaa ile ulikuja kufanya nini?"

"Mambo ya biashara, mama."

"Saa nne kamili ulikuwa wapi?"

Mtu wa suti alitazama kushoto, akatazama kulia, akasogeza kiti. "Hii itaandikwa?"

"Inategemea."

"Nilikuwa chini, kliniki. Kwenye kiti." Akafungua mdomo, akaonyesha. Upande mzima wa chini haukuwa na jino. "Waling'oa matatu ya mwisho. Nilitoka saa sita, sisikii mdomo wala sikio. Naomba wateja wangu wasijue."

Kitabu cha kliniki kilithibitisha kila neno. Mganga hajigangi, Inspekta alijisemea, akafuta jina lake.

Msaidizi alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na mitano, mwenye viatu vizuri na tabia ya kutazama saa. Inspekta alimkalisha katika chumba kidogo cha mikutano, akaweka daftari la maji kati yao, limefungwa.

"Kesho Ijumaa utabadilisha maji saa ngapi?"

"Asubuhi tu. Kama kawaida."

"Ya vichupa vipi?"

Msaidizi alitazama saa. "Samahani. Mazoea."

"Ijumaa iliyopita ulibadilisha?"

"Nilibadilisha. Nimetia sahihi."

Inspekta alilifungua daftari, akaweka kidole kwenye mstari wa kesho, akangoja. Hakuuliza tena. Katika kazi ile alikuwa amejifunza kwamba mtu mwenye kosa dogo huanguka upesi kuliko mwenye kosa kubwa, ilimradi usimsaidie kuongea.

"Nilizitia zote siku moja," alisema Msaidizi hatimaye. "Siku niliyokabidhiwa. Sita zote. Ijumaa asubuhi nina kliniki yangu upande wa pili wa mji, nilidhani nitapita jioni. Sikupita." Alijifuta uso. "Ni maji tu, afande. Nilijiambia maji ni maji."

"Kwa hiyo hujafungua kabati hata mara moja."

"Hata moja. Naapa. Ningeibaje kitu ambacho hata kukiangalia sikwenda?"

Huo ulikuwa utetezi mbaya kuliko wote aliowahi kuusikia, na aliuamini wote. Aligeuza kurasa mpaka kwenye mwandiko wa kusimama. "Na huyu ni nani?"

"Ah, huyo? Ni Mzee Vichupa." Msaidizi alitabasamu kidogo, kama mtu aliyekumbushwa kiti cha zamani. "Fundi wetu wa maabara. Alistaafu, wiki sita sasa. Mzee wa ajabu. Alikuwa anaviongelesha vichupa, anaviuliza vimeamkaje."

"Daktari ameniambia hakuna mwingine anayeingia."

"Ndiyo. Si ameshastaafu?"

"Alipoondoka, mliagana naye vipi?"

"Barua ilitoka ofisi kuu. Siku yake ya mwisho Daktari alikuwa safarini, mimi nilikuwa kliniki." Alifikiri. "Nadhani alifunga tu akaenda."

"Alifunga kwa ufunguo upi?"

Msaidizi alifungua mdomo. Inspekta aliona jibu likimfikia taratibu, kuanzia machoni.

"Hakuna aliyemwomba aurudishe," alisema.

"Nakupa mpaka kesho jioni umweleze Daktari habari za sahihi hizi kwa mdomo wako mwenyewe," alisema Inspekta akiinuka. "Ikipita kesho, nitamweleza mimi, nami sina maneno matamu."

Getini alimkuta mlinzi yule yule, na kitabu chake cha wageni kilichonyooshwa vizuri. Alimuuliza kama Mzee Vichupa amewahi kurudi. Alirudi, alisema mlinzi, mara mbili, Ijumaa mbili mfululizo. Ya pili alitoka na kasha la kubebea vitu vya baridi.

"Mbona hukumwandika?"

"Afande, hiki ni kitabu cha wageni. Mzee Vichupa si mgeni." Mlinzi alijikuna kisogo. "Ila nilimwambia, mzee, wewe si mfanyakazi tena, hii iwe mara ya mwisho, wasije wakanifukuza mimi. Akasema, sawa mwanangu, nimekuelewa. Ni mtu mpole. Kwani kuna nini?"

"Anakaa wapi?"

"Nyuma ya soko la mbao. Nyumba ndefu ya vyumba, mlango wa mwisho."

Inspekta angeweza kwenda siku ile ile. Hakwenda. Ukishamsoma mtu katika mashimo arobaini na sita unajua siku ya kumkuta, na unajua saa.

Ijumaa, saa nne kasoro dakika mbili, alikuwa mbele ya mlango wa mwisho. Ulikuwa wazi, pazia limefungwa fundo juu ili mwanga uingie. Ndani palikuwa na kitanda kilichotandikwa kikakaza, kiti kimoja, meza, na juu ya meza kitambaa cheupe. Mzee mwembamba mwenye koti la maabara alikuwa amempa mgongo, ameinamia vichupa kumi na viwili vilivyopangwa mistari miwili, kijani kushoto, nyeupe kulia.

"Hodi."

"Karibu," alisema bila kugeuka. "Ngoja nimalize hiki. Mkono ukisita, yanamwagika."

Inspekta alingoja. Mzee alimimina maji ya zamani kwenye bakuli kupitia kichujio, akahesabu vijiti kwa kibano, akarudisha, akajaza maji mapya, akafunga, akageuza kichupa mara moja kuona kama kinavuja. Kisha akaandika kwenye daftari la shule. Ndipo akageuka, akaona viatu vya polisi, akavitazama kwanza hivyo kabla ya uso.

"Mimi si mwizi, afande," alisema. "Nimehamisha wagonjwa."

"Nieleze."

Alimpa kiti, yeye akabaki amesimama. Wiki ya tatu baada ya kustaafu, alisema, alikwenda kurudisha koti. Hakukuta mtu. Ufunguo ulikuwa mfukoni, akaingia alitundike. Na kwa kuwa ilikuwa Ijumaa, saa nne, akafungua kabati avisalimie.

"Vichupa viwili vilikuwa vikavu kabisa. Vifuniko vilikuwa vimelegea, maji yamekwenda na joto. Vingine vilikuwa nusu. Afande, sijui nikuambieje. Nilivitunza wiki arobaini na sita. Sikuwa na ruhusa wala homa siku ya Ijumaa." Alijaza vyote, alisema, akatundika koti, kisha akalichukua tena kwa sababu hakuona ni nani atakayelivaa. Ijumaa iliyofuata alirudi kuhakikisha. Maji yalikuwa pale pale alipoyaacha, yale yale, hakuna aliyeyagusa. Na mlinzi akamwambia hiyo ndiyo mara ya mwisho. "Sasa ningeviacha na nani?"

Alifungua kasha lililokuwa chini ya meza. Ndani palikuwa na balbu ndogo ikiwaka, bati la kuikinga, na kipimajoto. Inspekta aliinama akasoma: thelathini na saba.

"Kinashuka alfajiri," alisema Mzee. "Nikiona kinashuka naweka blanketi. Kwanza nilikuwa sipati usingizi, sasa nalala vizuri tu, maana najua nitaamka kwa sababu."

"Na maji?"

"Ya betri, ya gereji. Yale yaliyogeuzwa mvuke yakarudi maji. Ndiyo hayo hayo ya maabara. Nimeandika yalikotoka."

Alimpa lile daftari la shule. Mwandiko wa kusimama. Kila siku, asubuhi na jioni, joto. Kila Ijumaa, maji. Na ukurasa wa kwanza, umepigiwa mstari mara mbili: *Cheupe cha nne na kijani cha tano vimekutwa vikavu. Visihesabiwe.*

"Ungeweza kuvijaza ukanyamaza," alisema Inspekta. "Nani angejua?"

"Hakuna. Halafu Daktari angesimama mbele ya watu na kusema jambo lisilo kweli, huku yeye anadhani ni kweli. Ndiyo kazi niliyomfanyia miaka kumi na moja?" Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. Kisha akaishusha, akafungua ukurasa mwingine. "Lakini hapa, afande, tazama hapa. Vijiti vingine huachia vyenyewe, bila kuvutwa, nikivigeuza tu kwa kibano. Vya utepe mweupe vimeachia tisa. Vya kijani hata kimoja. Toa vile vikavu, hesabu ni hiyo hiyo."

Inspekta aliusoma ukurasa ule mara mbili. Si mtaalamu wa meno, ila alijua ushahidi ulivyo ukiwa mzima. Ulimi wake ulikwenda wenyewe kwenye gego la kulia.

"Jumatatu Daktari anaitwa mwongo kwa kukosa hivi," alisema. "Wiki mbili mzee, vimekaa kwenye meza hii. Kwa nini hukumwambia?"

Mzee alimtazama kwa mshangao wa kweli. Alitoa mfukoni mwa shati simu ndogo ya vitufe, iliyofungwa mpira kuzuia betri isitoke.

"Nimempigia, kwa hii niliyonunua nilipostaafu. Ijumaa ile ile niliyokuta vimekauka. Ijumaa niliyovichukua. Jumatatu, Jumanne. Juzi Jumatano nilipiga mara mbili. Hapokei. Nilidhani amekasirika, kwamba nimeondoka bila kuaga." Aliugusa mpira wa simu. "Ujumbe siwezi, macho yangu na vitufe hivi havielewani. Nikasema nitaendelea kupiga. Siku moja atapokea."

Inspekta alikumbuka simu ikitetemeka juu ya meza, na mkono ukiigeuza kifudifudi.

"Mpigie sasa," alisema.

"Sasa?"

"Nataka nione."

Mzee alibonyeza. Waliisikiliza wote wawili ikiita katika chumba kile kidogo, ikaita mpaka ikakata yenyewe. "Ndivyo inavyokuwa," alisema Mzee, bila lawama, akaanza kuirudisha mfukoni.

Inspekta alitoa yake. Iliita mara moja.

"Inspekta!" Sauti ya Daktari ilijaa chumba. "Umempata? Niambie umempata."

"Nimempata," alisema Inspekta. "Vijiti viko salama. Huyu hapa, ongea naye."

Mzee aliitazama simu kana kwamba ina moto. Alijifuta mikono kwenye koti, pande zote mbili, akafunga kifungo cha shingoni, akaipokea kwa mikono miwili.

"Daktari, habari za siku nyingi. Ni mimi, Mzee Vichupa. Leo ni Ijumaa. Maji nimeshabadilisha."

Inspekta hakusikia Daktari alisema nini. Mzee alikuwa ameikaza simu sikioni. Alisikia tu sauti ya mtu anayeongea huku analia. Mzee aliitikia, "Hapana, hapana mama, usiseme hivyo," mara kadhaa. Akaeleza njia: soko la mbao, nyumba ndefu, mlango wa mwisho. Akarudisha simu. Macho yake yalizunguka chumba, kitanda, meza, vichupa, yakaishia pale Inspekta alipokaa.

"Anasema anakuja," alisema. "Sasa hivi. Afande, nina kiti kimoja tu."

Inspekta aliinuka. "Jirani yako hana?"

"Simjui. Miaka minne, sijawahi kubisha."

"Haya," alisema Inspekta, akamshika kiwiko, akamtoa nje mpaka mlango wa pili kutoka mwisho. "Bisha."

Mzee aliinua mkono, akasita, akatazama nyuma kama aliyesahau kitu. Kisha akabisha.